Mpunga pori husimama pakavu, hunywa kwingine

Mwishoni mwa Aprili, mvua zikishakata Bahi, mkoani Dodoma, ukingo unaotenganisha jaruba la mpunga na mfereji huwa umekauka hadi umepasuka. Juu yake umesimama mpunga pori. Unafika gotini, majani yake membamba, kijani chake kimefifia. Hatua moja chini, ndani ya mfereji, upo mwingine unaofika kifuani. Huo jani lake ni pana, shina limenenepa, na mizizi imetoka hadi kwenye vifundo vilivyo juu ya matope. Anayepita tu atasema ni nyasi mbili.

Sasa jembe lizamishwe taratibu katikati yao, na udongo uondolewe kwa vidole badala ya kukatwa. Kiganja kimoja chini ya ardhi linaonekana shina jeupe, unene wa penseli, limevikwa magamba ya rangi ya makuti. Upande mmoja linapanda na kuwa ule mfupi wa ukingoni. Upande wa pili linateremka na kuwa ule mrefu wa mferejini.

Ni mmea mmoja.

Kwa anayeujua mpunga pori hilo si habari. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni swali linalofuata. Ule mfupi wa ukingoni unaishi katika hali gani hasa? Daftari lolote la shambani litaandika "pakavu", kisha urefu, kisha idadi ya machipukizi. Baadaye mtu atachora mstari kutoka pakavu hadi penye maji na kusema mpunga pori hukua hivi pakavu na hivi majini.

Na kama huyo wa pakavu hajawahi kuishi pakavu?

Kwanza uhakikishe ni wenyewe

Mpunga pori ninaouzungumzia ni Oryza longistaminata, ule wa kudumu, wenye shina la chini. Tanzania ina mipunga mingine ya porini, Oryza barthii na Oryza punctata, nayo ni ya msimu mmoja: huota kwa mbegu, huzaa na hufa. Ukiichanganya kwenye vipimo, kila utakachoandika baadaye kimeharibika.

Shika jani la pili kutoka juu, livute nyuma pole pole pale ubapa unapokutana na ala inayokumbatia shina. Hapo kuna utando mwembamba mweupe, ulimi wa jani. Kwa longistaminata ulimi huo ni mrefu, milimita 15 na zaidi, umechongoka, na mara nyingi umepasuka mara mbili. Kwa barthii ni mfupi, milimita chache tu, na ncha yake ni butu. Majani ya jamii ya Echinochloa, ambayo yakiwa machanga yanaweza kumdanganya hata mkulima mzoefu wa mpunga, mengi hayana ulimi kabisa, na yaliyo nao yana mstari wa nywele tu. Matete nayo yana nywele badala ya utando.

Kuna mtego mmoja. Mpunga wa kulimwa nao una ulimi mrefu uliopasuka. Ulimi unaweza kukuambia kwamba hii si barthii, lakini hauwezi kukuambia kwamba si mpunga wa jirani uliopukutika mwaka jana. Kwa hilo lazima uchimbe. Lenye shina jeupe linalotambaa ndilo lenyewe. Na kama lina shina hilo lakini masuke yake yanafanana mno na ya shambani, liweke kando na uliandikie alama yake, kwa sababu mpunga pori na mpunga wa kulimwa zinaweza kuzaliana.

Urefu, rangi na ndevu za punje usivitumie kabisa kutambulisha. Hivyo ndivyo vinavyobadilika zaidi mahali pakibadilika.

Shina linalobeba

Shina la chini lina kazi mbili. Ni ghala, maana humo mmea huweka chakula cha kuvukia kiangazi, na kiangazi cha Dodoma ni kirefu, Mei hadi Novemba. Majani ya juu hukauka yote, yakachomwa au yakaliwa na ng'ombe, na chini shina linabaki hai likisubiri.

Kazi ya pili ndiyo iliyonisumbua. Shina hilo ni njia. Vifundo vyake vimeunganishwa, na maji, sukari na virutubisho vinaweza kupita kutoka chipukizi moja hadi jingine. Nyasi nyingi zinazotambaa huishi hivyo: chipukizi lililotangulia mahali pagumu hulishwa na lililobaki mahali pazuri.

Ikiwa ndivyo, ule wa ukingoni hausemi lolote la kuaminika kuhusu ukavu. Umesimama pakavu, ila midomo yake iko mferejini.

Tone la alfajiri

Kuna dalili moja ambayo haihitaji kifaa. Fika ukingoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, chuchumaa hadi macho yalingane na majani, na utazame ncha zake. Jani lenye mizizi iliyoshiba huwa na tone moja la maji safi kwenye ncha, na wakati mwingine matone madogo yamejipanga pembeni mwa jani. Maji hayo yametoka ndani. Usiku jani halipotezi maji mengi hewani, mizizi inaendelea kusukuma, na ziada hutokea kwenye vitundu vya ncha.

Usilichanganye na umande. Umande hulowesha jani zima, juu na chini, pamoja na majani makavu na hata vijiti vilivyokufa. Tone la kusukumwa huwa nchani au pembeni tu, na kijiti kilichokufa jirani yake ni kikavu kabisa. Ukiligusa kwa kidole likadondoka, subiri: kama mizizi inafanya kazi, jingine litaanza kujikusanya palepale.

Tone hilo likionekana juu ya udongo uliopasuka, unaokuwa unga ukiusugua viganjani, tayari una sababu ya kutilia shaka neno "pakavu".

Ila ni shaka tu. Udongo wa juu unaweza kuwa unga na sentimita 30 chini ukawa bado unafinyangika. Mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, hushika maji kwa ukaidi, na mfereji unaopita jirani huvujisha maji pembeni, ndani ya tuta lenyewe. Kwa hiyo maji ya tone lile yana njia mbili za kufika: kupitia shina, au kupitia udongo. Jicho peke yake halitazitofautisha.

Kata kwanza, pima baadaye

Njia ya kuzitofautisha ni kukata, na hapa ndipo nilipobadili mawazo mara mbili.

Wazo la kwanza ni rahisi. Weka alama ya mraba wa sentimita 50 kwa 50 juu ya ukingo, zungusha panga refu pande zote nne hadi sentimita 30 kwenda chini, mashina yote yanayoingia yakatike. Baada ya wiki tatu linganisha na mraba ambao haukuguswa. Uliokatwa ukinyauka, basi ulikuwa unalishwa.

Si kweli. Panga limekata pia mizizi, limetikisa udongo, limefungua nyufa za kupitisha hewa kavu. Mmea unaweza kunyauka kwa jeraha tu.

Kwa hiyo unahitaji mraba wa tatu, uliokatwa pande tatu na kuachwa mzima upande wa mfereji. Huo umepata karibu jeraha lote bila kutengwa na maji. Mraba wa pande nne ukinyauka na wa pande tatu usinyauke, jeraha linatoka kwenye hesabu.

Wazo la pili ni gumu zaidi: maji yanayovuja. Mbuga iliyokatwa kwa panga hujifunga tena ikilowana, na maji ya mfereji yanaendelea kupenya kama kawaida. Hilo ni jema, kwa sababu mraba uliokatwa pande nne bado unapata maji ya udongo lakini haupati ya shina. Ongeza basi mraba wa nne, uliokatwa pande zote na kuwekewa nailoni nzito wima ndani ya mkato, kina kilekile cha sentimita 30. Huo haupati ya shina wala ya kuvuja.

Sasa majibu yanasomeka. Ikinyauka miraba yote miwili iliyozungukwa, wenye nailoni na usio na nailoni, na ile mingine ikabaki mizima, shina ndilo lililokuwa likilisha. Ukinyauka wa nailoni peke yake, ulikuwa ni udongo. Usiponyauka wowote, chini kabisa kuna maji ambayo mizizi imeyafikia yenyewe, na neno "pakavu" ni kosa la mwandishi wa daftari.

Mraba mmoja wa kila aina hautoshi. Fanya angalau mitano ya kila aina, jumla 20, na uichanganye kando ya ukingo uleule. Usiweke ya nailoni yote upande wa juu wa mfereji, maana upande huo huloa kuliko wa chini na utapima mteremko badala ya mmea.

Kila wiki rudia kukata miraba isiyo na nailoni iliyozungukwa, ukipitisha panga kwenye alama ileile. Mashina mapya huvuka haraka kuliko mtu anavyodhani. Na mvua ikinyesha, hata ya dakika kumi, andika tarehe na uanze kuhesabu siku upya.

Cha kusoma katika kila mraba, kwa siku 21, ni vitu vichache. Kujikunja kwa majani saa saba mchana, na tena saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jani la mpunga lina seli kubwa juu yake ambazo zikipoteza maji hulikunja kama mkeka. Kujikunja mchana wa jua kali ni kawaida na hakukuambii mengi. Jani ambalo limeamka bado limejikunja, hilo lina kiu kweli. Kisha hesabu ya majani yaliyokauka kuanzia ncha, na hesabu ya ncha zenye tone alfajiri. Mwisho chukua udongo wa kina cha sentimita 10, 20 na 30, upime ukiwa mbichi, uukaushe, uupime tena. Bila namba hiyo ya udongo, mengine yote yanaweza kubishaniwa.

Urefu hudanganya

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu hupima ni urefu, nacho ndicho kinachopotosha zaidi.

Katika maji yenye kina, mpunga na jamaa zake hurefuka kwa sababu ya kufungwa pumzi. Gesi hupenya majini polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko hewani. Gesi ya ethilini, ambayo mmea huitengeneza wakati wote, hushindwa kutoka kwenye shina lililozama na hujikusanya ndani. Mkusanyiko huo huamsha homoni za kurefusha pingili. Mmea unakimbilia juu kutafuta hewa, na unalipia kwa akiba yake.

Kwa hiyo shina la mita moja na nusu lililotoka kwenye mfereji wenye kina linaweza kuwa limetumia ghala, na lile la sentimita 60 kwenye tope lisilofunikwa linaweza kuwa limejaza ghala. Anayeangalia kwa juu atampa tuzo asiyestahili.

Pima urefu, ndiyo, lakini upime vyote viwili: kutoka udongoni hadi ncha ya jani refu lililonyooshwa kwa mkono, na kutoka udongoni hadi ulimi wa jani la juu kabisa. Cha kwanza kinabadilika kwa majani, cha pili kinakuonyesha shina. Kisha chimba.

Ukichimba, osha kwa maji yanayotiririka ndani ya chekecheo, usikung'ute, na utazame mizizi kabla hujaitenganisha. Kwenye tope lisilo na hewa, mzizi mzima huwa na ganda la rangi ya kutu. Mmea hupeleka hewa kutoka majanini hadi chini kupitia mifereji iliyo ndani ya mizizi, inayotokea pale baadhi ya seli zinapokufa na kuacha nafasi. Hewa kidogo inayovuja kwenye mzizi hugusa madini ya chuma yaliyoyeyuka topeni na kuyagandisha hapohapo. Ukikata mzizi kwa wembe na kuutazama kwa lenzi ya mkononi utaona vitundu vimejipanga kuzunguka kiini kama spoki za gurudumu la baiskeli. Mzizi mweusi unaonuka yai bovu umeshindwa. Chuma hapo kimeungana na salfaidi.

Mimea miwili yenye urefu sawa, mmoja mizizi ya kutu na mwingine mweusi, haiko katika hali moja hata kama maji juu yao ni sentimita 10 kwa wote.

Ndoo 24

Shambani huwezi kutenganisha kila kitu, kwa hiyo wengi huhamia kwenye ndoo. Ndoo za lita 20, aina nne tofauti mara sita: kavu, iliyoloa hadi juu, yenye maji sentimita 10, na inayojazwa kisha kuachwa ikauke kwa zamu. Udongo uwe wa mahali pamoja, umepondwa na kuchanganywa kama unga wa ugali kabla ya kugawa, kina cha sentimita 25. Ndoo ya kuloa toboa tundu ubavuni usawa wa udongo. Ndoo ya kavu toboa chini, na umwagilie pale sentimita 5 za juu zikikauka.

Vipande vya kupanda vikatwe vyenye vifundo viwili, sentimita 8 hadi 10, na uvipime kwa mizani ya gramu. Chagua vinavyokaribiana ndani ya gramu 2. Vioteshe kwanza kwenye mchanga wenye unyevu kwa wiki mbili, kisha panda vilivyolingana tu, kina cha sentimita 5.

Yanayoharibika ni haya.

Mbuga hukauka na kujivuta, ikaacha mwanya kati yake na ukuta wa ndoo. Unamwagilia, maji yanateremka ubavuni na kutokea chini, na katikati pamebaki pakavu. Ndoo inaonekana imenyweshwa na mmea una kiu. Changanya sehemu moja ya mchanga wa mtoni kwa tatu za mbuga, na kila ukimwagilia bonyeza ukingo wa udongo kwa kidole gumba.

Ndoo nyeusi juani hupika mizizi. Tumia nyeupe, au uzifukie hadi shingoni, na kila wiki uzizungushe nafasi ili ya pembeni isiwe ya pembeni daima.

Halafu kuna chumvi, ambayo ndiyo hatari ya kimyakimya zaidi kwa Dodoma. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 hupoteza karibu nusu lita kwa siku ya jua na upepo. Siku 100 ni lita 50. Tuseme maji yako yana nusu gramu ya chumvi kwa lita, ambayo mdomoni ni maji ya kunywa tu. Maji yanaondoka, chumvi inabaki: gramu 25. Udongo ule unashika karibu lita 8 za maji, kwa hiyo mwisho wa msimu mizizi inaogelea kwenye gramu 3 kwa lita, ambazo kwenye kipimo cha chumvi ni kama desisimensi 5 kwa mita. Mpunga wa kulimwa huanza kupunguza mavuno ikivuka 3.

Ulidhani unapima maji. Umepima chumvi.

Mbaya zaidi, chumvi haijagawanyika sawa. Ndoo iliyojaa daima imepokea maji mengi kuliko kavu, kwa hiyo ina chumvi nyingi kuliko zote, na mtu ataandika kwamba mafuriko yanaudhoofisha mpunga pori. Vuna maji ya mvua Januari uyahifadhi kwenye simtanki, au uzisuuze ndoo zote kila baada ya wiki nne kwa kuzibua chini na kupitisha lita 15 za maji mapya. Zote, si zile zenye maji tu.

Jambo la mwisho kuhusu ndoo ni kumbukumbu ya mwili. Kipande kilichotoka mferejini kimekuja na ghala la mferejini. Kitachipua vizuri hata kwenye ndoo kavu kwa wiki nyingi, kikila akiba ya nyumbani kwao. Kwa hiyo msimu wa kwanza vyote vilelewe kwenye hali moja, ndoo zilizoloa, na vipande vya jaribio vikatwe kutoka kwenye watoto wao. Ni mwaka mzima wa kusubiri, na ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Mimi ningeacha lenzi na mizani nyumbani kabla ya kuacha hatua hii.

Mapepe yanasema mengi

Bado kuna swali la mipaka. Kundi la mpunga pori la mita 20 kando ya mfereji ni mmea mmoja, au ni mimea mingi iliyoingiliana? Kuchimba mita 20 hakuwezekani.

Maua yanasaidia. Mpunga pori huu una vichavulio virefu, na ndicho kinachosemwa na jina lake la Kilatini. Vinaning'inia nje ya ua asubuhi na kutoa chavua nyingi kwa upepo. Kwa kiasi kikubwa hukataa chavua yake mwenyewe. Mmea ukizungukwa na ndugu wa shina moja tu, maua yatafunguka kwa wingi na punje nyingi zitakuwa tupu, yaani mapepe.

Kwa hiyo funika masuke 10 kwa mifuko ya chandarua laini mapema, maua yakishafunga, kwa sababu mpunga pori hupukutika punje moja moja zikikomaa na ukichelewa utahesabu mabua. Kisha bonyeza kila punje kati ya kucha. Mapepe matupu mno katikati ya kundi, na punje zilizojaa zaidi pale kundi linapogusana na lingine, ni dalili nzuri kwamba katikati ni mmea mmoja. Si uthibitisho, joto kali au kiu wakati wa maua navyo huleta mapepe. Kwa hiyo chukua masuke ya majini, siyo ya ukingoni.

Wanaoutafuta kwa sababu zilezile

Shina ambalo mkulima wa Bahi analilaani wengine wamelifuata mbali. Chuo Kikuu cha Yunnan nchini China kilitoa mwaka 2018 aina ya mpunga iitwayo PR23, iliyotokana na kuzalisha mpunga wa kulimwa na longistaminata, ambayo hupandwa mara moja na kuvunwa miaka minne mfululizo. Na kabla ya hapo, jeni ya Xa21, inayokinga mpunga dhidi ya bakteria wa kuunguza majani, ilitoka kwenye longistaminata wa Mali. Ilitengwa maabara mwaka 1995.

Ndiyo maana sipendi kusikia ukiitwa uchafu. Kwenye kinamasi uachwe. Jarubani ni jambo jingine, na huko lazima uondolewe.

Septemba, siyo Februari

Palizi ya Februari huvuta mpunga pori ukakatikia usawa wa udongo. Shina linabaki, na kila kifundo chenye jicho hai kinatoa kingine. Pawatila ikipita kwenye tope lenye mashina hayo inayakata vipande na kuyasambaza jaruba zima. Ni kupanda kwa mashine.

Na ikiwa shina la mferejini ndilo linalolisha la jarubani, basi kupalilia jaruba na kuuacha mfereji ni kumkata mtu kucha ukitegemea afe. Kazi inaanzia mferejini na ukingoni, na inaanza wakati ghala haliwezi kujazwa: Septemba na Oktoba, majani yakiwa yamekauka na jua likiwa kali.

Geuza udongo kwa mabonge makubwa, sentimita 20 hadi 25, usiyaponde. Bonge kubwa hukauka hadi ndani, likipondwa linafunika mashina tena. Baada ya wiki mbili au tatu geuza mara ya pili, na okota kwa mkono mashina yote yanayoonekana. Usiyarundike penye kivuli wala usiyatupe mferejini. Yaanike juu ya bati au mwamba.

Mvua zikianza Desemba utaona miche. Kabla hujakata tamaa, ng'oa mmoja kwa uangalifu. Ukiwa na ganda la punje limeng'ang'ania chini na hauna shina jeupe, huo umetoka kwenye mbegu iliyopukutika, na palizi ya kawaida inaumaliza. Ukiwa na kipande cheupe, kuna mahali jembe halikufika.

Kabla ya kufika huko, pima kama jua limefanya kazi. Wiki ya mwisho ya Oktoba okota vipande 20 kutoka mferejini, 20 ukingoni na 20 jarubani. Kata ncha ya kila kimoja: cheupe chenye unyevu ki hai, cha kahawia kilicho wazi katikati kimekufa, na vingi vitakuwa vya katikati ambavyo jicho haliwezi kuviamua. Vyote vifunge kwenye vipande vitatu vya gunia, M (mfereji), K (kingo) na J (jaruba), uviloweshe na kuviweka kivulini, uvinyunyizie kila asubuhi. Fungua siku ya 14 na uhesabu vikonyo vyeupe, gunia kwa gunia.